Nani ana haki ya kuuliza maswali? Watu weusi katika hadithi za jinai za Ulaya ya katikati ya karne ya 20

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea sanaa za maonyesho, mwaka wa pili. Darasani tulionyeshwa filamu ya Kiingereza ya mwaka 1959 iitwayo Sapphire, inayohusu mauaji ya msichana chotara jijini London. Nusu ya darasa walisema ni filamu ya kupinga ubaguzi, nusu wakasema yenyewe ndiyo ya kibaguzi. Mimi nilibaki katikati. Je, filamu na riwaya za jinai za Ulaya za wakati ule ziliwaonyeshaje watu wasio Wazungu? Na nikitaka kuendelea, nianzie wapi?

Marahaba, binti yangu. Pande zote mbili za darasa lenu ziliona kitu ambacho kweli kimo ndani ya filamu. Kilichowakwamisha ni swali. Ukiuliza "weusi wamo?" utaishia kuhesabu sura, na ukiuliza "wameonyeshwa vizuri?" utaishia kupima adabu ya mwongozaji. Hadithi ya jinai ina ngazi zake. Kuna aliyeuawa, kuna wanaoshukiwa, kuna walioona, kuna muuaji, na kuna yule mwenye haki ya kugonga mlango wa mtu yeyote, tajiri au maskini, akamuuliza alikuwa wapi usiku ule. Huyo wa mwisho ndiye mwenye hadithi. Tunaona kwa macho yake, na hukumu yake ndiyo tunayoondoka nayo. Kwa hiyo mimi hutazama mtu mweusi kapewa ngazi ipi, na kama kuna siku anapewa ile ya kuuliza.

Kwa Ulaya ya miaka ile jibu langu ni kwamba alipewa karibu ngazi zote isipokuwa hiyo. Alipoipata kikamilifu, aliyemwandika alikuwa mwandishi mweusi. Nitataja wauaji kwa majina, maana bila hivyo hatutaelewana.

Tuanze na kitabu ambacho huenda umekisoma, And Then There Were None cha Agatha Christie cha mwaka 1939. Watu kumi wanaalikwa kisiwani, na sauti kwenye santuri inawasomea mashtaka mmoja mmoja. Jina la kwanza la kitabu hicho lilikuwa na tusi la rangi. Marekani walilibadilisha mwaka 1940, Uingereza likaendelea kuchapishwa hadi miaka ya 1980. Watu wengi huishia kwenye jina. Mimi nakuomba uyasikilize mashtaka yenyewe. Kila mshtakiwa anatajiwa aliyemuua: Beatrice Taylor, Cyril Hamilton, Edward Seton, Jennifer Brady na wengine, kila marehemu na jina lake. Ikifika zamu ya Philip Lombard, anashtakiwa kusababisha vifo vya watu 21 wa kabila la Afrika Mashariki, Februari 1932. Hakuna jina hata moja. Kabila lenyewe halitajwi. Lombard hakatai: chakula kilikuwa kimeisha porini, akakichukua kilichobaki akaondoka, na anaeleza kwamba wenyeji hawakichukulii kifo kama Wazungu wanavyokichukulia.

Hapo usimhukumu Christie haraka. Mwishoni jaji anayewaua anaeleza kwamba aliwapanga kwa uzito wa makosa, wenye hatia nyepesi watangulie. Ukiwafuatisha wageni wale utaona Lombard ni mmoja wa wawili wanaobaki mwisho kabisa. Maana yake kitabu kinajua kwamba kuwaacha watu 21 wafe njaa ni kosa zito. Kinajua hivyo, na bado hakioni haja ya kumpa hata mmoja wao jina. Hiyo ndiyo ngazi ya chini kabisa: marehemu asiyetajwa. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki inauma zaidi, maana kati ya maiti wote wa kitabu kile hao ndio wa kwetu.

Sasa utaniuliza, hivi hakukuwa kabisa na mpelelezi asiye Mzungu? Walikuwapo, na hapa ndipo penye siri. Katika Pépé le Moko ya mwaka 1937, filamu ya Julien Duvivier inayotokea Kasba, mtaa wa kale wa Algiers, anayemnasa jambazi ni Inspekta Slimane, Mwalgeria. Anaigizwa na Lucas Gridoux, mzaliwa wa Romania. Katika The Devil's Daffodil ya mwaka 1961, iliyotokana na riwaya ya Edgar Wallace, yumo kachero wa Kichina aitwaye Ling Chu. Anaigizwa na Christopher Lee, Mwingereza. Miaka minne baadaye Lee huyohuyo akapakwa vipodozi tena awe Fu Manchu, jambazi wa Kichina, na binti yake akaigizwa na Tsai Chin, ambaye ni Mchina kweli. Jukwaa moja, baba wa kupakwa na binti wa damu. Kwa hiyo ngazi ya kuuliza iliweza kupewa mhusika asiye Mzungu mradi mwili unaoikalia uwe wa Mzungu. Ukitaka kujua ubaguzi wa sinema za wakati ule ulifanyaje kazi, tazama orodha ya waigizaji kabla ya kutazama hadithi.

Nimemtaja Wallace, basi niongeze jambo moja linalotuhusu. Mbali na hadithi za jinai, aliandika visa vya afisa wa kikoloni Afrika Magharibi, na filamu ya Sanders of the River ilipotengenezwa Uingereza mwaka 1935 kwa visa hivyo, Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, akiwa nyota wake, Jomo Kenyatta alikuwa akiishi London, akaigiza humo sehemu ndogo. Rais wa kwanza wa Kenya huru alipita kwenye studio za Uingereza kama sura ya kujazia fremu.

Turudi kwenye filamu yenu. Iliongozwa na Basil Dearden na kutayarishwa na Michael Relph, mswada ukiwa wa Janet Green. Ilitoka mwaka mmoja tu baada ya machafuko ya Notting Hill, mtaa wa London, ya Agosti na Septemba 1958, ambapo magenge ya vijana wa Kizungu yaliwavamia wahamiaji wa Karibi mitaani na majumbani mwao. Mei 1959, fundi seremala kutoka Antigua aitwaye Kelso Cochrane alichomwa kisu na kundi la vijana wa Kizungu katika eneo hilohilo, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo chake. Watazamaji wa Sapphire wa mwaka ule walikuwa wakiyasoma mambo ya namna hiyo kwenye magazeti yao ya asubuhi.

Sapphire anaokotwa amekufa Hampstead Heath, uwanda wa wazi wa London. Polisi wanamchukulia kuwa msichana wa Kizungu, mwanafunzi wa muziki, mchumba wa kijana aitwaye David. Kisha kaka yake anaingia ofisini kwa Mrakibu Hazard, naye ni mtu mweusi: Daktari Robbins, anayeigizwa na Earl Cameron. Tangu dakika hiyo upelelezi unabadilika. Sketi ya heshima aliyokuwa amevaa marehemu inasahaulika, na sketi ya ndani nyekundu iliyokutwa chini yake inageuka kuwa ushahidi wa maisha mengine. Maswali yanahama kutoka sebuleni kwa wakwe na kwenda kwenye klabu za usiku na vyumba vya kupanga vya weusi. Inspekta Learoyd, msaidizi wa Hazard, anasema waziwazi yale ambayo Waingereza wengi walikuwa wakiyasema nyumbani kwao, na Hazard anamkosoa. Hapo ndipo nusu ya darasa lenu walipoona filamu inayopinga ubaguzi, nao hawakukosea.

Halafu inakuja ile klabu. Mwenye klabu anamweleza polisi kwamba hata msichana awe mweupe namna gani, ngoma zikianza kulia mwili wake utamtoa siri. Kama maneno yangekuwa yake tu, tungesema ni mhusika mmoja mwenye mawazo yake. Lakini kamera inakwenda kuthibitisha: inatuonyesha msichana mwenye sura ya Kizungu ambaye hawezi kutulia mdundo ukipigwa. Filamu imekubaliana naye. Inasema damu ya mtu ina tabia, na tabia hiyo hufichuka, jambo ambalo ndilo wabaguzi wa Notting Hill waliloliamini. Nusu ya pili ya darasa lenu iliona hapo.

Mimi naongeza la tatu. Sapphire mwenyewe hapewi nafasi ya kusema. Tunamjua kama maiti na kama picha, na mwigizaji aliyepewa sura yake, Yvonne Buckingham, ni Mzungu. Maisha yake yote yanasimuliwa na watu wengine, wengi wao wakiwa hawampendi.

Hata hivyo kuna mambo ya maana sana ndani yake, na sitaki uyapite mbio. Yumo Paul Slade, wakili mweusi, mtoto wa askofu, anayeigizwa na Gordon Heath, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiishi Paris. Anawaambia polisi kwa utulivu kwamba asingemwoa Sapphire kwa sababu alikuwa na damu ya Kizungu, na baba yake asingekubali. Kwa dakika moja Mzungu mwenye kuuliza anajikuta anapimwa kwa mizani yake mwenyewe. Yumo pia Johnny Fiddle, anayeigizwa na Harry Baird wa Guyana. Anakimbia usiku kucha kutoka mtaa hadi mtaa, milango inafungwa usoni pake, na vijana wa Kizungu wanampiga. Tunadhani ndiye muuaji kwa sababu anakimbia, kumbe anakimbia kwa sababu anajua tutadhani hivyo.

Na muuaji ni Mildred, dada wa mchumba, mama wa watoto, mtu wa familia ya heshima. Hazard anamleta Daktari Robbins nyumbani kwao, kaka wa marehemu anashika kichezeo cha watoto, na chuki iliyofichwa na Mildred muda wote inalipuka. Tazama vizuri kilichotendeka pale. Anayefichua ukweli ni mtu mweusi, kwa kuwapo kwake tu chumbani, lakini hakuulizwa kama anataka kazi hiyo. Amefanywa chambo. Aliyeuliza, akapanga na kuhitimisha ni Hazard. Ndiyo maana nikakwambia kilichokwamisha mjadala wenu ni swali. Njama ya filamu inaupinga ubaguzi, picha zake zinaubeba, na ngazi ya kuuliza haikuhama hata kidogo. Filamu ilipata tuzo ya BAFTA, tuzo kuu ya sinema ya Uingereza, kama filamu bora ya nchi hiyo, na Dearden, Relph na Green wakatumia mbinu ileile mwaka 1961 katika Victim, safari hii kosa la kutoza watu fedha kwa vitisho likimwingiza mtazamaji kwenye maisha ya wanaume mashoga, miaka sita kabla sheria ya Uingereza na Wales haijabadilishwa.

Earl Cameron anastahili aya yake. Alizaliwa Bermuda mwaka 1917, akawa baharia, akafika Uingereza mwaka 1939, akaosha vyombo kabla ya kupata jukwaa. Mwaka 1951 Dearden alimpa sehemu ya Johnny Lambert katika Pool of London: baharia wa Jamaika ambaye rafiki yake Mzungu amemwingiza kwenye magendo ya almasi bila yeye kujua. Johnny anakutana na Pat, msichana wa Kizungu. Wanatembea pamoja London, wanapanda kanisa la St Paul's, wanafika Greenwich. Inatajwa kuwa mara ya kwanza sinema ya Uingereza kuonyesha mapenzi ya mtu mweusi na mweupe, ingawa hawabusiani na meli inaondoka naye. Nenda ukamwone Cameron anavyosimama kando ya Pat: mikono ameituliza, sauti ameishusha, kama mtu anayejua kwamba kila mpita njia anamtazama. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 102, na katika maisha marefu namna hiyo sinema ya nchi ile haikumpa hata filamu moja ya jinai ambamo yeye ndiye anayegonga mlango na kuuliza. Kwangu hiyo ni hasara yao kubwa kuliko yake.

Italia ilimtangulia Dearden kwa miaka mitatu. Senza pietà ya Alberto Lattuada, ya mwaka 1948, inatokea Livorno baada ya vita, mji wa bandari uliojaa askari wa Marekani, magendo na umalaya. Jerry, askari mweusi, na Angela, msichana wa Kiitaliano, wanajaribu kumtoroka bosi wa genge. Federico Fellini, aliyekuja kuwa mwongozaji maarufu, alishiriki kuandika mswada. Jerry anaigizwa na John Kitzmiller, aliyefika Italia na jeshi la Marekani akabaki huko, na mwaka 1957 akapata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Cannes kwa filamu ya Yugoslavia. Wapenzi wote wawili wanakufa. Wakati huo mapenzi ya namna hiyo yaliweza kuonyeshwa kama mwisho wake ni bahari, iwe meli inayoondoka au lori linalotumbukia. Kitzmiller yuleyule utamkuta tena mwaka 1962 katika Dr. No, akiwa mvuvi Quarrel anayemtumikia James Bond na kufa kabla yake.

Ufaransa ina habari tofauti, nayo ni ya kutoonekana. Auguste Le Breton aliandika riwaya ya majambazi ambamo genge baya ni la Waarabu wa Afrika Kaskazini. Jules Dassin, Mmarekani aliyenyimwa kazi Hollywood kwa sababu za kisiasa, alipoigeuza kuwa filamu ya Rififi mwaka 1955, alikataa. Vita vya Algeria vilikuwa vimeanza Novemba 1954, naye hakutaka kuongeza chuki, akawafanya wabaya hao kuwa genge la mtu aitwaye Grutter. Namheshimu kwa uamuzi ule. Lakini matokeo yake ni Paris isiyo na Mwalgeria hata mmoja wa kukumbukwa, katika miaka ambayo maelfu yao walikuwa wakifanya kazi viwandani humo. Mwaka 1958 Louis Malle alitoa Ascenseur pour l'échafaud. Muuaji wake ni mwanajeshi wa zamani aliyepigana Indochina na Algeria, na anayeuawa ni tajiri aliyenufaika na vita hivyo. Muziki wake ulipigwa usiku mmoja wa Desemba 1957 na mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, pamoja na mpiga ngoma Kenny Clarke, mbele ya picha zenyewe. Huzuni yote ya filamu ile, kila hatua ya mwigizaji Jeanne Moreau kwenye mvua, imebebwa na pumzi ya mtu mweusi ambaye uso wake haumo.

Na tarehe 17 Oktoba 1961, katika jiji hilohilo, polisi chini ya mkuu wao Maurice Papon waliwashambulia Waalgeria walioandamana kwa amani, wakaua makumi, wengine wakatupwa mto Seine. Sinema za makachero za Ufaransa ziliendelea kuonyesha ofisi za polisi wa Paris na moshi wa sigara zao kana kwamba usiku ule haukuwapo. Riwaya ya jinai iliyolichimba jambo hilo kwa nguvu, Meurtres pour mémoire ya Didier Daeninckx, ilikuja miaka ya 1980. Katikati hapo ipo Le Samouraï ya Jean-Pierre Melville, ya mwaka 1967, ambayo naipenda sana. Cathy Rosier, mwanamke mweusi kutoka visiwa vya Karibi vya Ufaransa, ni mpiga piano wa klabu anayekutana uso kwa uso na muuaji ukumbini. Polisi wanapomuuliza, anasema si yeye. Huyu ni shahidi mwenye uamuzi: anajua na anachagua kunyamaza, na hadithi yote inaning'inia kwenye uchaguzi wake. Ni ngazi ya juu kuliko zote nilizozitaja, na bado yeye ndiye anayeulizwa.

Aliyeivunja desturi hiyo ni Chester Himes. Alizaliwa Missouri mwaka 1909, akafungwa Ohio mwaka 1928 kwa wizi wa kutumia silaha, akaanza kuandika akiwa gerezani. Alihamia Paris mwaka 1953, mfukoni hana kitu. Marcel Duhamel, mhariri wa Série Noire, mfululizo wa riwaya za jinai, aliyekuwa amewahi kumtafsiri, akamwomba aandike hadithi ya makachero. Himes akawaumba Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, makachero wawili weusi wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, na kitabu cha kwanza kikampatia tuzo ya Grand Prix de littérature policière mwaka 1958. Usitarajie malaika. Wana mikono mizito, wanawapiga watu weusi wenzao na kumtii bosi Mzungu, na Himes hawafichi. Ila wanapouliza, wanajua nyumba, wanajua mchungaji tapeli ni yupi, wanajua mtu anadanganya kwa woga au kwa tamaa. Katika kitabu cha mwaka 1969 upelelezi unawashinda kabisa na wanaishia kupiga panya risasi kwenye jengo linalobomolewa. Hata hivyo mtaa wao ni Harlem. Kachero mweusi wa kugonga milango ya Paris Himes hakutuandikia.

Wakati Himes anapokea tuzo yake, Zanzibar kulikuwa na mtu mwingine aliyekalia ngazi hiyo bila kumwomba mtu. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake, na Najum akimfuata, ametoka waziwazi kwenye ukoo wa Sherlock Holmes, ila anayeuliza na anayeulizwa wote ni wa kwao. Ukimsoma sambamba na Himes utaona tofauti: Bwana Msa ana nafasi ya kufikiri tu, hana haja ya kuthibitisha kwamba anastahili kuwapo.

Kuhusu pa kuanzia: soma kwanza kitabu cha Himes, A Rage in Harlem, kinachojulikana pia kama For Love of Imabelle. Kisha tazama Senza pietà, Rififi na Le Samouraï kwa mpangilio huo, ili usikie ukimya unavyozidi na kisha unavyopasuka. Na kama darasa lenu litaendelea na mjadala, mwombe mwalimu wenu awaonyeshe The Blue Lamp ya mwaka 1950 na Pool of London ya 1951 katika wiki moja. Mwongozaji ni mmoja, jiji ni moja, na kati yake ni mwaka mmoja tu. Ya kwanza inamlilia askari polisi aliyeuawa, na wahusika wake wakuu wote ni Wazungu. Mwaka uliofuata Johnny Lambert anashuka melini. Mwambie kila mwanafunzi aandike nani anauliza maswali katika kila moja, halafu mlinganishe.